Bajeti Isomwe Kuanzia Kwenye Mipaka, Si Kwenye Asilimia

Sehemu ya hotuba ya bajeti inayonukuliwa kuliko nyingine zote ni ile inayotaja asilimia: kodi hii imepandishwa, ile imeshushwa, nyingine imebaki palepale. Hiyo ndiyo inayopamba vichwa vya habari jioni ile ile, na ndiyo inayojadiliwa makazini kesho yake. Mimi nimeacha kuanza nayo. Ninapoipata hati ya bajeti, au muswada wa fedha unaoambatana nayo, hutafuta kwanza mambo ambayo Waziri huyapitia haraka au huyanyamazia kabisa: mapato yanaanza kutozwa kodi yakifikia kiasi gani, kila daraja la kodi linaanzia na kuishia wapi, ni punguzo gani limefutwa, ni kitu gani kimehamishwa kutoka orodha moja kwenda nyingine, na yote hayo yanaanza kutumika tarehe ipi. Humo ndimo fedha za mlipakodi mmoja mmoja huongezeka au kupotea, na mara nyingi asilimia iliyotangazwa kwa mbwembwe haielezi hata nusu ya kilichotokea.

Kabla ya kwenda mbali, kuna dhana moja ambayo sharti iondolewe njiani, kwa sababu inaharibu hesabu zote zinazofuata. Watu wengi, wakiwemo wasomi wa fani nyingine, huamini kwamba mtu akivuka mpaka wa daraja la juu la kodi, mshahara wake wote hutozwa kwa kiwango kipya, na kwa hiyo nyongeza ndogo ya mshahara inaweza kumwacha na fedha pungufu kuliko alizokuwa nazo. Katika mifumo mingi ya kodi ya mapato sivyo ilivyo. Kila kipande cha mapato hutozwa kwa kiwango cha daraja lake. Tuchukulie mfumo ambao mapato ya 1,000 ya mwanzo hayatozwi, 2,000 yanayofuata hutozwa asilimia 10, na yanayozidi hapo hutozwa asilimia 30. Mtu aliyekuwa akipata 3,000 akiongezwa hadi 3,100, ni ile 100 tu iliyozidi ndiyo itakayotozwa asilimia 30. Atabaki na 70 zaidi ya alizokuwa akibaki nazo. Hivyo serikali ikitangaza kwamba kiwango cha juu kimepanda kutoka asilimia 30 hadi 35, mtu asikimbilie kukata asilimia 5 ya mshahara wake wote. Ajiulize kwanza ni kiasi gani cha mapato yake kimo ndani ya daraja hilo. Kwa wengi jibu ni sifuri, nao huwa wamelalamika bure.

Jambo linalowagusa wengi zaidi ni lile ambalo halikufanywa. Tuendelee na mfumo wetu ule ule. Mtu anapata 2,900, na kodi yake ni 190, yaani asilimia 10 ya zile 1,900 zilizozidi kiwango kisichotozwa. Katika mwaka huo bei zinapanda kwa asilimia 5, na mwajiri, kwa ukarimu wake, anampandisha mshahara kwa asilimia 5 ile ile hadi 3,045. Uwezo wake wa kununua, kabla ya kodi, haujaongezeka hata kidogo. Lakini kwa kuwa mipaka ya madaraja imeachwa palepale, sasa daraja la kati linamtoza 200 na daraja la juu linamtoza 13.50 kwa zile 45 zilizovuka. Kodi yake imekuwa 213.50. Anabaki na 2,831.50, wakati ili aendelee kuishi kama alivyokuwa akiishi mwaka uliopita angehitaji 2,845.50. Amepoteza 14, hakuna kiwango chochote kilichopandishwa, na Waziri anaweza kusimama bungeni na kusema, bila kudanganya, kwamba kodi ya mapato haikuguswa.

Uingereza inatoa mfano ulio wazi kuliko wote ninaoufahamu. Tangu Aprili 2021, kiasi kisichotozwa kodi ya mapato nchini humo kimekuwa pauni 12,570 kwa mwaka, na mpaka unaoanzia kiwango cha asilimia 40 kwa walipakodi wengi umekuwa pauni 50,270. Bajeti ya Machi 2021 ilitangaza kwamba mipaka hiyo ingegandishwa hadi 2026. Taarifa ya Novemba 2022 ikasogeza tarehe hiyo hadi 2028. Na bajeti ya Novemba 2025 ikaisogeza tena hadi 2031. Katikati ya kipindi hicho mfumuko wa bei wa mwaka ulifikia asilimia 11.1 mnamo Oktoba 2022. Mishahara ilipanda ikijaribu kuufuata mfumuko huo, mipaka haikusogea, na watu ambao hawajawahi kujiona kuwa matajiri wakajikuta wakitozwa kiwango kilichokuwa kikidhaniwa kuwa cha wenye vipato vikubwa. Ongezeko hilo la makusanyo lilipatikana bila kubadilisha hata asilimia moja ya viwango vikuu vya kodi ya mapato.

Katika kipindi hicho hicho, serikali ya nchi hiyo ilipunguza mchango wa bima ya taifa unaokatwa kwa wafanyakazi walioajiriwa, kutoka asilimia 12 hadi 10 mnamo Januari 2024, kisha hadi asilimia 8 mnamo Aprili mwaka huo. Punguzo hilo lilikuwa la kweli, na aliyeajiriwa aliliona kwenye hati yake ya mshahara. Hata hivyo, mstaafu anayeishi kwa pensheni halipi mchango huo. Yeye hakupata chochote kutokana na punguzo lile, huku mipaka iliyogandishwa ikiendelea kumbana kama inavyombana kila mtu. Bajeti moja, walipakodi wawili wenye mapato sawa, na matokeo yanayopishana kabisa. Ndiyo maana siamini makala zinazoeleza kwamba bajeti fulani ni nzuri au mbaya kwa “mwananchi wa kawaida”, kana kwamba mwananchi huyo ana chanzo kimoja tu cha mapato na umri mmoja tu.

Dawa ya ugonjwa huu inajulikana na si ngumu. Marekani ilipitisha mwaka 1981 sheria iliyoamuru mipaka ya madaraja ya kodi ya mapato ya serikali kuu isogezwe kila mwaka kulingana na kupanda kwa bei, na utaratibu huo ukaanza kutumika mwaka 1985. Tangu hapo, mbunge wa nchi hiyo akitaka kodi ya mapato ikusanye zaidi, analazimika kulisema jambo hilo hadharani na kulipigia kura. Ninavyoona, huo ndio uungwana katika utozaji kodi. Serikali inayoacha mipaka iliwe na mfumuko wa bei huwa inapandisha kodi bila mjadala, na inayosogeza mipaka mara moja baada ya miaka kumi huweza hata kujisifu kwamba imetoa nafuu, ilhali imerudisha sehemu tu ya ilichokuwa ikichukua mwaka baada ya mwaka. Lakini hata Marekani kipimo chenyewe kilibadilishwa: sheria ya Desemba 2017 iliamuru kitumike kipimo kingine cha bei ambacho kwa kawaida hupanda polepole kidogo, na tofauti hiyo ndogo hujilimbikiza kadiri miaka inavyopita.

Nimesema kwamba kuvuka daraja hakumwachi mtu na fedha pungufu. Kuna mahali ambapo kauli hiyo inalegea, na ni pale ambapo punguzo fulani linaondolewa kadiri mapato yanavyoongezeka. Kwa mfano huo huo wa Uingereza, mtu anayepata zaidi ya pauni 100,000 hupunguziwa kiasi chake kisichotozwa kodi kwa pauni 1 kwa kila pauni 2 zilizozidi, hadi kiasi hicho kinapoisha mapato yakifikia pauni 125,140. Ndani ya eneo hilo, kila pauni ya ziada hutozwa asilimia 40 na wakati huo huo huifanya nusu pauni nyingine, iliyokuwa salama, itozwe asilimia 40 pia. Kwa hiyo kiwango halisi ni asilimia 60. Hakuna jedwali rasmi la viwango lenye daraja la asilimia 60; lazima mtu alifanyie hesabu mwenyewe.

India nayo ilikutana na tatizo la aina hiyo katika bajeti iliyosomwa tarehe 1 Februari 2025. Ilitangazwa kwamba, katika mfumo mpya wa kodi, ambao huko huenda sambamba na ule wa zamani, mtu mwenye mapato yasiyozidi rupia 1,200,000 kwa mwaka hatalipa kodi ya mapato, ukiacha mapato ya aina maalumu kama faida ya mtaji, yaani faida inayotokana na kuuza mali. Wengi walielewa kwamba daraja la kutotozwa sasa linafika rupia 1,200,000. Kwa kweli daraja hilo liliishia rupia 400,000, na kinachomwokoa mtu wa rupia 1,200,000 ni punguzo la rupia 60,000 linalofuta kodi yake yote. Akipata rupia 1,210,000, kwa hesabu ya madaraja peke yake angedaiwa rupia 61,500, yaani rupia 10,000 za ziada zingemletea deni linalozizidi mara sita. Kwa sababu hiyo sheria ikaweka kinga: kodi ya mtu aliyevuka mpaka kidogo haiwezi kuzidi kiasi alichovuka nacho, hivyo mtu huyo hulipa rupia 10,000, kabla ya tozo ya ziada inayowekwa juu ya kodi. Ni kinga nzuri, ingawa ina maana kwamba katika ukanda huo mwembamba mtu hafaidiki chochote kwa kupata zaidi. Anayejadiliana na mwajiri wake kuhusu nyongeza anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji kujua kauli mbiu ya bajeti.

Sasa nije kwenye mapunguzo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayosomwa vibaya zaidi. Kuna punguzo linalotolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, na kuna punguzo linalotolewa kwenye kodi yenyewe baada ya kukokotolewa. Yote mawili huitwa nafuu, na hotuba huyataja kwa pumzi moja, lakini hayana thamani sawa. Ukiruhusiwa kuondoa 100 kwenye mapato yako, na unatozwa asilimia 30 katika daraja lako la juu, umeokoa 30. Mwenzako anayetozwa asilimia 10 ameokoa 10. Yule ambaye mapato yake hayafiki kiwango cha kutozwa hakuokoa chochote. Punguzo kwenye kodi yenyewe, likiwa la 15, huwapa wawili wa kwanza 15 kila mmoja. Kwa hiyo serikali ikihamisha nafuu kutoka aina moja kwenda nyingine, inahamisha fedha kati ya watu, hata kama jumla ya nafuu hiyo haikubadilika.

Kenya ilifanya uhamisho wa namna hiyo mwishoni mwa 2024. Tozo ya nyumba, ambayo ni asilimia 1.5 ya mshahara wote bila kima cha juu, awali ilikuwa na nafuu ya asilimia 15 ya kiasi kilichokatwa. Kuanzia tarehe 27 Desemba 2024 nafuu hiyo iliondolewa, na badala yake tozo yenyewe ikaruhusiwa kuondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Anayepata shilingi 100,000 kwa mwezi hukatwa tozo ya shilingi 1,500. Nafuu ya zamani ilimrudishia shilingi 225. Utaratibu mpya, kwa kuwa daraja lake la juu ni asilimia 30, unampunguzia kodi kwa shilingi 450. Anayetozwa asilimia 35 hunufaika zaidi ya hapo kwa kila shilingi ya tozo. Yule ambaye kodi yake ilikuwa tayari imemezwa na nafuu binafsi, yaani kiasi ambacho kila mlipakodi hupunguziwa kwenye kodi yake, ya shilingi 2,400 kwa mwezi, hakuona tofauti yoyote, lakini asilimia 1.5 yake iliendelea kukatwa kama kawaida, tena kuanzia shilingi ya kwanza. Hapo ndipo tozo na michango ya lazima inapotofautiana na kodi ya mapato: mara nyingi haina kiwango cha chini kisichotozwa, kwa hiyo hata mtu ambaye hotuba ya bajeti inamhesabu kuwa “hatozwi kodi” bado hukatwa fedha zake kila mwezi.

Kuna pia desturi ya kuliongeza punguzo moja na kulifuta jingine katika ukurasa unaofuata. Sheria ya Marekani ya 2017 iliyotajwa hapo juu ni somo zuri. Kilichotangazwa ni kwamba kiasi cha kawaida kinachoondolewa kwenye mapato kimekaribia kuongezwa maradufu, kutoka dola 6,350 hadi 12,000 kwa mtu asiye na mwenzi. Ni kweli. Lakini punguzo la dola 4,050 kwa kila mtu katika kaya lilisimamishwa. Kwa mtu anayeishi peke yake, kiasi kisichotozwa kilikuwa dola 10,400 na kikawa dola 12,000. Ongezeko la dola 1,600, wala si dola 5,650 zilizosikika. Kwa wenye watoto wadogo, pengo lilizibwa kwa kuongeza punguzo la kodi kwa kila mtoto kutoka dola 1,000 hadi 2,000. Mtoto akiwa amefikisha miaka 17, lakini bado anategemea wazazi, punguzo lake likawa dola 500 tu. Mzazi anayetozwa asilimia 22 alikuwa amepoteza kinga ya dola 4,050 iliyokuwa na thamani ya dola 891, akapewa 500 badala yake. Viwango vya kodi navyo vilishushwa katika sheria hiyo, kwa hiyo wazazi wengi wa namna hiyo bado walitoka na nafuu. Lakini nafuu hiyo ilikuwa ndogo kuliko waliyotegemea, na hakuna namna ambavyo wangeijua kwa kusikiliza hotuba peke yake.

Hadi hapa nimezungumzia kodi inayokatwa kwenye mapato. Kodi ya matumizi ni jambo jingine, na kwa watu wenye kipato cha chini ndiyo bajeti yenyewe, maana hiyo ndiyo wanayoilipa kila siku. Tatizo lake ni kwamba haionekani kwenye hati yoyote anayopewa mtu mwishoni mwa mwezi. Ongezeko la kodi kwenye mafuta, kwa mfano, halimgusi mwenye gari peke yake. Huingia katika nauli, katika gharama za usafirishaji wa mazao, na hatimaye katika bei ya kila kitu kinachosafirishwa. Mtu akijumlisha alichookoa kwenye kodi ya mshahara na kusahau upande huu, hesabu yake ina mguu mmoja.

Kuna kosa jingine hapa ambalo hata waandishi wa habari hulifanya, nalo ni kuchanganya bidhaa iliyosamehewa kodi ya ongezeko la thamani na bidhaa inayotozwa kwa kiwango cha sifuri. Kwa mnunuzi zote mbili huonekana hazina kodi. Kwa muuzaji tofauti ni kubwa. Anayeuza bidhaa ya kiwango cha sifuri huruhusiwa kudai kodi yote aliyolipa aliponunua malighafi, umeme na vifungashio. Anayeuza bidhaa iliyosamehewa haruhusiwi kudai chochote, hivyo kodi aliyoilipa inageuka kuwa gharama yake, na gharama hiyo huingia kwenye bei. Mnamo Julai 2018, India iliziondolea taulo za kike kodi ya asilimia 12 kwa njia ya msamaha. Watengenezaji wakapoteza haki ya kudai kodi waliyolipa kwenye malighafi, kwa hiyo bei haikuwa na sababu ya kushuka kwa asilimia 12 kamili kama umma ulivyotarajia. Ukisikia kwenye bajeti kwamba bidhaa fulani imehamishwa kutoka kiwango cha sifuri kwenda kwenye orodha ya msamaha, usishangilie; bei yake ina uwezekano mkubwa wa kupanda.

Tozo za miamala ya simu zina kasoro ya aina yake, kwa sababu hazitozi kipato wala matumizi, zinatoza mwendo wa fedha. Shilingi ile ile ikitumwa na mtoto kwa mzazi, kisha mzazi akaituma kwa fundi, na fundi akaituma kwa muuza vifaa, imetozwa mara tatu bila mtu yeyote kupata mapato mapya katika hatua ya kwanza. Ghana ilipendekeza tozo ya asilimia 1.75 katika bajeti yake iliyosomwa Novemba 2021. Ilipoanza kutumika Mei 2022 ilikuwa asilimia 1.5, ikashushwa hadi asilimia 1 mwaka 2023, na ikafutwa kabisa mwaka 2025. Tanzania nayo iliipunguza tozo yake ya miamala kwa asilimia 30 mnamo Septemba 2021, miezi miwili tu baada ya kuianzisha. Historia hiyo fupi inaonyesha kwamba baadhi ya yanayotangazwa katika bajeti hayadumu, na mtu asipange maisha yake ya miaka mitano kwa kutegemea tozo ya mwaka mmoja.

Hilo linanipeleka kwenye suala la tarehe. Hotuba si sheria. Zipo nchi ambazo baadhi ya mabadiliko, hasa ya ushuru wa bidhaa, huanza kutumika mara tu yanapotangazwa, ili wafanyabiashara wasijaze maghala kabla ya bei kupanda. Lakini mabadiliko mengi husubiri bunge. Kenya imetoa mafunzo mawili yaliyofuatana kwa karibu. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa na Bunge tarehe 25 Juni, siku ambayo waandamanaji waliingia bungeni, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Kila aliyekuwa amekokotoa kodi yake mpya kwa kufuata muswada huo aliitupa hesabu. Sheria ya Fedha ya 2023, kwa upande wake, ilisimamishwa na Mahakama Kuu mwishoni mwa Juni 2023, ikaruhusiwa kuendelea mwezi uliofuata, ikatangazwa na Mahakama ya Rufani kuwa kinyume cha katiba tarehe 31 Julai 2024, na hatimaye Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo tarehe 29 Oktoba 2024. Katika muda wote huo mwajiri alihitaji kujua akate kiasi gani. Mlipakodi asiyefuatilia zaidi ya siku ya hotuba angekuwa amepotea njia mara kadhaa.

Kwa aliyeajiriwa, kazi kubwa hufanywa na idara ya mishahara, na hapo ndipo uzembe huzaliwa, kwa kuwa mtu huona kiasi kilichoingia benki na kudhani kwamba kodi imekokotolewa sawasawa. Nafuu nyingi haziji zenyewe. Zinahitaji cheti cha bima, barua ya benki inayothibitisha riba ya mkopo wa nyumba, au stakabadhi za mchango wa pensheni. Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2025 imewawajibisha waajiri kuzingatia nafuu na misamaha yote inayomhusu mfanyakazi wanapokokotoa kodi yake, badala ya kumwacha azidai mwenyewe baadaye kupitia ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka. Ni hatua ninayoiunga mkono, ingawa bado mwajiri hawezi kuzingatia hati ambayo hakupewa.

Njia ninayoitumia mimi ni ya kizamani, na sioni haja ya kuibadilisha. Nachukua hati ya mshahara ya mwezi wa mwisho kabla ya mabadiliko, naikokotoa upya kwa kanuni mpya kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa mpangilio ambao sheria inautaka: nini kinaondolewa kabla ya kodi, nini kinaondolewa baada ya kodi. Mpangilio huo ukikosewa, jibu hukosewa hata kama viwango vyote ni sahihi. Kisha nasubiri hati ya mwezi wa kwanza wa kanuni mpya, na nikiona tofauti naandika kuuliza mara moja, kwa sababu kosa linalosahihishwa mwezi huo huo hurekebishwa kwenye mshahara unaofuata, na lililoachwa hadi mwisho wa mwaka hugeuka kuwa dai la marejesho lenye fomu, viambatisho na subira ndefu.

Aliyejiajiri hana idara ya mishahara ya kulaumu. Katika nchi nyingi hulipa kodi kwa awamu, na awamu hizo hukadiriwa kwa kutumia mapato au kodi ya mwaka uliopita, yaani kabla ya mabadiliko ya bajeti. Viwango vikipanda katikati, awamu zake zitakuwa pungufu na salio litamwangukia kwa pamoja wakati wa kuwasilisha ritani, pengine likiwa na riba juu yake. Vikishuka, atakuwa ameikopesha serikali fedha ambazo biashara yake ilizihitaji. Mamlaka nyingi za kodi humruhusu mtu kuwasilisha makadirio mapya kabla ya awamu inayofuata kufika. Wakati mzuri wa kufanya hivyo ni wiki ile ambayo sheria imetiwa saini, hotuba ikiwa imeshasahaulika na vyombo vya habari vimeshahamia kwenye jambo jingine.